Nani Aliyeliokoa Kundi la Jumanne

"Kama si macho yangu, ungekwenda kumwambia profesa nini? Habari za mvua?"

"Na kama si mdomo wangu, hayo macho yako yangekuwa bado yanaangalia tu, mpaka wale watoto wafunge mabegi waondoke. Kuona hata paka anaona, shoga yangu."

"Mimi si shoga yako, Salha."

"Tangu lini, Nyamizi?"

"Tangu ulipopigiwa makofi peke yako."

Kijana aliyekaa katikati yao, Wilbadi, alikohoa. "Mkimaliza kugombania macho na midomo, mnikumbuke na mimi. Kuna mikono hapa ilifanya kazi."

"Nyamaza, Wilbadi!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Tuwaache wagombane kidogo. Mnaosikiliza sogeeni, wakubwa kwa wadogo, muwajue kwanza, maana mwishoni mtaombwa neno.

Hawa watatu walikuwa wanasoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma, chuo kikubwa ambacho mwanafunzi mgeni huweza kumaliza wiki nzima akiuliza njia ya kwenda darasani. Huku wakisoma, walikuwa pia wanafundisha. Profesa Kihwele alihutubia ukumbini, mbele ya umati wa mwaka wa kwanza, kisha umati ule ukagawanywa katika makundi, na makundi yakawa mikononi mwa wasaidizi. Mshahara wao ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa kubwa, lakini kila mmoja alivumilia kwa sababu moja. Idara ya kemia ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi. Ambaye angeipata angekuwa mwalimu wa kweli, mwenye ofisi na jina mlangoni. Wengine wawili wangemaliza shahada na kurudi nyumbani kutafuta maisha.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nyamizi alikuwa na macho. Angeweza kusimama nyuma ya maabara iliyojaa watu akakwambia nani ameshika chupa vibaya, nani amekuja bila kunywa chai, nani anajifanya ameelewa.

Wilbadi alikuwa na mikono. Alipopima kitu, hakuna aliyepima tena. Vyombo vyake vilikuwa safi kiasi kwamba wenzake walimtania kwamba anavibembeleza.

Salha alikuwa na mdomo. Si mdomo wa maneno mengi, hapana. Alijua kusema jambo gumu mbele ya mtu mgumu, akalisema lote, wala sauti isitetemeke.

Nyamizi na Salha walikuwa wameishi chumba kimoja bwenini tangu siku ya kwanza. Walichangia birika moja na pasi moja. Lakini wanafunzi walipomwona Salha waliinama kidogo wakasema, "Shikamoo, madam." Walipomwona Nyamizi waliuliza, "Dada, madam yuko wapi?" Nyamizi alikuwa akiwaelekeza huku anatabasamu. Hakuna aliyejua jinsi tabasamu lile lilivyokuwa likimchubua ndani kama kiatu kipya.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Profesa Kihwele alikuwa na desturi yake. Asidi ya mtihani wa maabara aliichanganya mwenyewe, mlango umefungwa, siku moja kabla. Hakumwamini msaidizi yeyote, hata dumu la kuiwekea aliliosha mwenyewe. Akishaosha, akamimina, akabandika karatasi ya kuonyesha nguvu ya asidi, basi hakuna aliyerudia kuipima. Nani angethubutu?

Kundi la Jumanne lilikuwa la Salha, na Nyamizi alikwenda kumsaidia kusimamia. Kazi ilikuwa nyepesi kueleza. Kila mwanafunzi alipewa chupa yenye maji ya rangi ya waridi. Alitakiwa adondoshe asidi, tone kwa tone, mpaka rangi ipotee, kisha aandike ametumia asidi kiasi gani. Profesa peke yake ndiye aliyejua jibu.

Kesho yake profesa akawaita wasaidizi wote. Karatasi za kundi la Jumanne zilikuwa mezani. Wote walikuwa wamekosa, na wote walikuwa wamekosa sawasawa.

"Mmoja amekosea, wengine wamenakili," alisema. "Kundi zima. Jioni majina yanakwenda kwa mkuu wa kitivo, wasimamishwe masomo. Na wewe, Salha, ulikuwa unasimamia au ulikuwa unapunga upepo?"

Salha akainamisha uso.

Pale pale Nyamizi akakumbuka. Nyuma ya nguzo, kwenye meza iliyo karibu na bomba, alikaa binti anayeitwa Kabula. Kutoka pale hawezi kuona karatasi ya mtu yeyote, wala mtu hawezi kuona yake. Nyamizi alisimama karibu naye akamwona akidondosha asidi taratibu, huku amezuia pumzi, mpaka rangi ikapotea. Kabula hakunakili. Lakini jibu la Kabula lilikuwa lile lile la wenzake. Basi kosa halikuwa la watoto. Kosa lilikuwa ndani ya dumu.

Angeweza kusema. Lakini alimtazama Salha, yule Salha wa shikamoo madam, ameinama kama mtoto aliyevunja sahani, na kitu kitamu kikamshuka kooni. Nyamizi akanyamaza.

Alinyamaza mpaka mchana. Kwenye ukumbi wa chakula akamwona Kabula amekaa na sahani ya wali na maharage ambayo hajaigusa, anajifuta macho kwa mkono wa koti la maabara. Binti mwingine alikuwa anamwuliza, "Sasa nyumbani utawaambia nini?" Kabula akaisukuma sahani kando. Ule utamu ukageuka uchungu mdomoni mwa Nyamizi. Siku hiyo alikuwa na zamu ya kuwasilisha utafiti wake mbele ya idara, zamu aliyoisubiri muhula mzima. Hakwenda. Alitoka mbio kumtafuta mtu. Lakini hakumtafuta Salha. Alikwenda kwa Wilbadi.

Wilbadi alimsikiliza akiwa anafuta chupa. "Nikipima," alisema, "jina langu litatajwa?"

"Litatajwa. Pima!"

Kupima si jambo dogo. Ili kuijua nguvu ya asidi unahitaji kitu safi cha kuipimia, na kitu safi kilichokuwapo pale kilikuwa kichupa cha Wilbadi mwenyewe, dawa iliyoagizwa kutoka nje kwa ajili ya utafiti wake. Aliisubiri mpaka akakaribia kukata tamaa. Akaichukua asidi iliyobaki ndani ya dumu, akapima. Ilikuwa dhaifu kuliko karatasi ilivyosema. Akapima tena kwa chombo kingine. Ikawa vile vile. Akapima mara ya mwisho, na kichupa kikaisha.

"Maji ya kusuuzia," alisema. "Dumu ni jeusi, ndani hakuonekani. Ameosha, hakumwaga yote, akamimina asidi juu yake. Watoto wamepata jibu sahihi la asidi mbovu." Akakitazama kichupa kitupu. "Na mimi utafiti wangu umelala."

Sasa nani atamwambia profesa? Wilbadi alisema yeye hawezi. Nyamizi alisema yeye hawezi pia. Mwanafunzi wa mwisho kumpinga Profesa Kihwele alibadilishiwa msimamizi, akakaa chuoni mpaka wadogo zake wakahitimu kabla yake. Ilibidi waende kwa Salha, na Nyamizi alilisema hilo huku akitazama ukutani.

Kumbukeni, Profesa Kihwele alikuwa msimamizi wa Salha. Tasnifu yake yote ilikuwa juu ya meza ya profesa, inasubiri sahihi yake. Salha alisikiliza, akajifunga mtandio vizuri, akaondoka bila neno. Wenzake walidhani anakwenda chooni.

Alipofika ofisini kwa profesa hakuzunguka. "Profesa, asidi ya Jumanne ilikuwa na maji. Tumeipima. Watoto hawakunakili."

Profesa akavua miwani. "Unajua unamwambia nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kabla hujapeleka majina."

Profesa akavaa tena miwani. Kisha akainuka, akaenda naye maabara, na asidi kidogo iliyokuwa imebaki katika bomba moja la kupimia, alipoipima kwa dawa yake, ikamwonyesha mwenyewe. Majina hayakwenda popote. Kundi la Jumanne likarudia mtihani, likafaulu.

Ijumaa, kwenye chai ya idara, profesa alisimama mbele ya watu wote. "Salha amenisahihisha," alisema, "na amewaokoa wanafunzi." Watu wakapiga makofi. Salha alisema, "Hatukuwa mmoja, Profesa," lakini makofi yalikuwa yameshaanza na hakuna aliyesikia, isipokuwa Wilbadi aliyekuwa karibu. Nyamizi alikuwa mbali. Aliona tu meno ya Salha yakicheka. Chai yake ikapoa mkononi hajaionja.

Ndipo mkuu wa idara, Dokta Lyatuu, mwanamke asiyepoteza maneno, akawaita wote watatu ofisini kwake. "Nafasi ni moja," alisema. "Nataka kumpa aliyewaokoa wale watoto. Profesa anasema Salha, lakini nasikia kuna wengine. Mimi sikuwapo, nyinyi mlikuwapo. Naenda kwenye kikao. Nikirudi nataka jina moja. Mkishindwa, nafasi naitangaza nje." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Na hapo ndipo tulipowakuta wakigombana.

"Salha hakuwa na cha kusema mpaka nilipokiona," alisema Nyamizi. "Zamu yangu ya kuwasilisha imepita. Mnajua nitaipata lini tena?"

"Uliyoyaona yalikuwa maneno tu mpaka nilipoyapima," alisema Wilbadi. "Nani angemwamini mtu anayesema 'nimemwona binti nyuma ya nguzo'? Utafiti wangu umekwisha kwa ajili ya mambo yenu."

"Mliona, mkapima, mkajificha," alisema Salha. "Kama nisingeufungua mlango ule, jioni ile watoto wangekuwa wanatafuta nauli. Tasnifu yangu mpaka leo haina sahihi. Mnadhani amesahau?"

"Mbona hukutuita twende wote?" Nyamizi akamgeukia. "Ulitaka ukae peke yako kwenye picha."

"Niliogopa. Ningewaita, mngeniambia tusubiri kesho, na mimi ningekubali." Sauti ya Salha ikawa ndogo. "Na mimi nikuulize, Nyamizi. Uliona saa ngapi?"

"Asubuhi. Pale pale kwa profesa."

"Na ukamwendea Wilbadi baada ya chakula. Hapo katikati ulikuwa wapi?"

Wilbadi akatazama viatu vyake. Nyamizi alihisi uso unamwaka, na juu ya aibu ile wivu ulikuwa bado umekaa, hauoni haya, unamnong'oneza: hata hili amelijua yeye.

"Lakini nilikwenda," alisema mwishowe.

"Ulikwenda," alijibu Salha. "Hilo sikunyang'anyi."

Mlango ukagongwa.

Hakuwa Dokta Lyatuu, ingawa viatu vyake vilikuwa vinasikika mwisho wa korido, vinarudi. Alikuwa Kabula. Mikononi alishika koti jeupe la maabara, jipya, limekunjwa vizuri. Kundi la Jumanne lilikuwa limechanga fedha, likampelekea fundi. Koti lilikuwa moja tu. Lilishonwa kubwa kwa makusudi, limwenee yeyote. Mfukoni lilitariziwa kwa uzi wa bluu neno moja, Mwalimu. Jina halikuwekwa, kwa kuwa hawakulijua.

Nyamizi, ambaye macho yake hayaachi kitu, aliliona neno lile kabla ya wenzake. Akautaka mkono wake unyooke. Mkono ukabaki mapajani.

Basi nyinyi mnaosikiliza, kazi ni yenu sasa. Yupo aliyeona, akakaa kimya kwanza, kisha akaona kuwa hawezi kukaa kimya. Yupo aliyepima mpaka kichupa chake kikaisha, baada ya kuulizia jina lake. Yupo aliyesema, akiwa na kila kitu cha kupoteza, akaenda peke yake. Mwondoe mmoja, yeyote, na Kabula hayupo chuoni leo. Dokta anakaribia. Koti ni moja na nafasi ni moja. Ungekuwa wewe, ungemwonyesha nani? Jibu upesi, maana binti bado amesimama pale, anazitazama nyuso tatu moja baada ya nyingine, na anasema:

"Shikamooni. Wenzangu wamenituma nimvalishe aliyetuokoa. Ni nani kati yenu?"