Yugwa Lililonyamazisha Zimwi

Sogeeni, nianze. Anza, tumesogea!

Hapo kale palikuwa na zimwi, jina lake Gudu. Uchawi wake wote ulikuwa kooni: likiimba, mtu hugeuka kichuguu. Siku moja likamgeuza Riziki, binti wa pekee wa Mwanamvua.

Mama hakukimbia. Mlangoni pake alikuwa amepanda myugwa, urembo wa nyumba. Jani lake huitwa yugwa, nalo ni mboga. Akasema, "Gudu, nitakupikia mayugwa ya nazi. Ukishiba, nirudishie mwanangu."

"Pika upesi!" likasema zimwi.

Akayachemsha. Zimwi likauliza, "Yameiva?"

"Bado, yanawasha. Nitamwaga maji haya, nichemshe tena."

"Yameiva?"

"Bado. Yalainike kwanza, ndipo nitie tui."

"Yameiva?"

"Bado, ewe mlafi! Hata mtoto mchanga hungoja."

"Unataka kula peke yako, bibi!" Likaruka mlangoni, likang'oa mayugwa mabichi, likayabwakia yote.

Koo likawaka kama limemeza upupu. Likafumbua kinywa ili limgeuze Mwanamvua: "Kho! Kho!" Wimbo haukutoka. Uchawi ukakatika, vichuguu vyote vya kijiji vikapasuka, wakatoka watu wazima na watoto, Riziki mbele yao. Zimwi likakimbilia porini, na hata leo halina sauti.

Mayugwa yakaiva laini. Riziki akala kwanza, kijiji kikafuata, na hakuna aliyewashwa.

Hadithi yangu nayo imeiva, pakueni.