Nyayo Fupi za Bibi Aluki

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Kwenye baridi!

Basi sogeeni, tupeane joto. Mwanangu amelala mgongoni, kwa hiyo mkicheka, chekeni kidogo.

Zamani za kale, kaskazini kwa kaskazini, palikuwa na kijiji katika nchi ambayo maji hulala maji yakaamka mawe. Huko hakuna mti wala shamba. Ni theluji tu, nyeupe, nyeupe, mpaka jicho lichoke. Watu walikula nyama ya sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, na ngozi yake wakaivaa.

Humo aliishi Bibi Aluki. Alikuwa mfupi, meno yamebaki mawili. Hakula kamwe kabla ya kuuliza, "Nani bado?"

Mwaka mmoja sili wakahama. Njaa ikaingia. Wazee wakasema, "Twende kwenye ghuba ya mashariki, sili wako huko. Lakini njiani kuna mto mkubwa. Sasa umeganda, tutapita juu yake. Jua likipata nguvu, barafu itapasuka, nasi tutabaki upande wa njaa."

Wakafunga mizigo, wakatoka kwa miguu, wote.

Aliyetangulia ni Miniki, kijana mwenye miguu kama ya korongo. Theluji ilifika magotini. Choboo! Kimya. Choboo! Desturi ya huko ni kukanyaga alipokanyaga aliye mbele, maana theluji iliyokwisha kukanyagwa haichoshi. Lakini nyayo za Miniki nani angezifikia?

Nyuma kabisa alikuwa Nivi, mama kijana, mtoto wake mchanga yumo ndani ya kofia kubwa ya koti lake la manyoya. Akaruka, akazama. Akaruka, akazama. Mwisho akaketi.

"Bibi, mchukue mtoto. Mimi miguu imekataa."

Bibi Aluki hakumchukua mtoto. Alimfunga Nivi kamba ya kiatu, akamfuta machozi kabla hayajaganda. "Inuka polepole. Ngoja nikutangulie."

Akawapita watu wote mpaka mbele. Akaanza kukanyaga, hatua ndogo, ndogo, huku anaimba:

*Chubu-chubu, nyuma kuna watu,*
*Chubu-chubu, nyuma kuna mtoto.*

Miniki akacheka hadi akashika tumbo. "Bibi, unatembea au unashona?"

"Nashona, mjukuu wangu. Sitaki watu hawa wafumuke."

"Shona basi! Mimi nakwenda kuwachemshia supu ng'ambo."

"Vaa miwani yako ya mfupa, ile yenye ufa mwembamba wa kuchungulia. Theluji ikipigwa na jua inakula macho."

"Hiyo ni ya wazee!" Akaenda. Choboo! Choboo! Akapotea.

Watu wakafuata. Chubu-chubu. Nivi akakanyaga, hakuzama. Akakanyaga tena, hakuzama. Mtoto akalala. Upepo ukavuma vuuu, nao wakaendelea, mpaka wakavuka mto, wote salama.

Bibi Aluki akatazama chini. "Nani bado?"

"Wote tupo, Bibi. Miniki yuko mbele."

"Mbele hakuna nyayo," akasema. "Miniki hajavuka."

Barafu ikalia: krrr! Watu wakapiga kelele, "Bibi, twende, mto unaamka!" Bibi akaketi ukingoni. Nivi akaketi naye. Wakaimba kwa nguvu, lakini upepo ulikula sauti.

Naye Miniki? Weupe ulikuwa umekula macho yake. Haoni mkono wake. Alizunguka, akazunguka, akaanguka. Akatambaa huku analia kama mtoto. Ghafla kiganja chake kikaingia shimoni. Unyayo! Akapapasa mbele. Mwingine! Akapapasa tena. Mwingine! Kila aliponyoosha mkono, unyayo ulikuwa unamngoja.

Akatambaa juu ya mto, unyayo kwa unyayo. Krrr! Krrr! Nivi akamwona kwanza. Wakamshika mikono, wakamvuta. Na nyuma yake, pwaaa! Barafu ikapasuka.

Bibi akampaka mafuta ya sili, akamfunga macho kwa ngozi laini.

"Bibi," Miniki akasema, "ulijuaje kwamba nitapita nyuma yenu?"

"Sikujua, mjukuu wangu. Aliye nyuma huwa hajulikani."

Wakafika ghubani. Sili walikuwepo. Macho ya Miniki yakapona. Bibi Aluki akaishi, akazidi kuzeeka, mwisho akalala asiamke. Tangu hapo, watu wakisafiri, Miniki ndiye aliyetangulia na miguu yake ya korongo: chubu-chubu, chubu-chubu. Siku moja mtoto wa Nivi, sasa anatembea mwenyewe, akamwita kutoka nyuma:

"Mjomba, unatembea au unashona?"

"Nashona," akasema Miniki. "Nani bado?"

Wanangu, anayetangulia apime hatua zake kwa mguu wa aliye nyuma.

Hadithi yangu imetembea, imefika, imevua viatu. Imeishia hapo.