Ngoma Iliyoota Moto

“Ngoma iliyoota moto haisifiwi.” Mlinisikia nikimwambia Zaituni hivyo jana, alipokuwa akimmwagia sifa mchumba aliyemwona mara mbili tu, tena siku za sikukuu, nanyi mkacheka mkidhani bibi yenu anaropoka. Chekeni, meno ni yenu. Lakini kwa kuwa mmeuliza ilikotoka, kaeni chini, maana habari yenyewe haina kicheko. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za Mdachi, kando ya mto Rufiji, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kipanda, na katika mji huo alikuwako muuza ngoma jina lake Ungando. Duka lake lilikuwa na chapuo, misondo, zumari na njuga za miguuni. Miaka ile alikuwa akiagiza hata tarumbeta za shaba kutoka Dar es Salaam, kwa sababu vijana walikwisha ingiwa na wazimu wa dansi ya beni na hawakutaka tena kucheza bila shaba. Hata hivyo sifa yake ilikuwa ngoma. Alinunua mizinga ya magogo kwa wachongaji wa msituni na ngozi kwa wachuuzi wa bara, kisha akaiwamba mwenyewe. Kila aliyeingia dukani alimsikia akijigamba, “Ngoma ya Ungando haijarudishwa hata siku moja.” Na kweli, haikuwa imerudishwa.

Sasa biashara ile ilikuwa na mwiko wake. Mnajua kwamba mpigaji huiotesha ngoma moto kabla ya kuipiga, ili ngozi ikaze na itoe sauti. Hilo ni halali yake mpigaji, huko uwanjani. Lakini muuzaji haruhusiwi. Ngoma ya kuuza hulazwa kivulini tangu alfajiri, mnunuzi akaisikia ikiwa baridi, kwa kuwa moto huipa sauti nzuri hata ngozi iliyooza. Kwa wenye kazi hiyo, kuotesha ngoma ya dukani ni sawa na kutia maji katika maziwa ya mtoto.

Mwaka huo sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe huko bara. Ngozi zilizofika Kipanda zilikuwa za mizoga, zilizoanza kuvunda kabla ya kuanikwa. Ungando aliwamba moja katika mzinga mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Juani ilionekana nzima, lakini kila palipokuwa na kivuli au umande aliikuta imelegea kama shavu la ajuza. Akaisukuma kando, akisema siku atakayopata ngozi ya maana ataibandua hiyo.

Ndipo Jumbe Kindamba alipokuja na haja yake. Ngoma ya hatari, ile iliyokaa kilimani juu ya mto, ilikuwa imeliwa na mchwa. Na ngoma ile ndiyo iliyokuwa roho ya watu. Wakati wa mpunga nusu ya mji ilihamia mashambani bondeni, watu wakakaa katika madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kuwinga ndege. Haikupigwa ila kwa hatari; mto ukijaa, mpigaji alipiga mara tatu tatu, na kila mwenye masikio alitupa jembe akakimbilia mtumbwi. Bintiye Ungando, Mwajabu, mtoto wake wa pekee, alikuwa huko huko bondeni, katika dungu la mwisho kabisa, pamoja na mwanawe aliyekuwa bado ananyonya.

“Ngoma kubwa unayo, au twende Mohoro?” Jumbe aliuliza.

Neno Mohoro lilimchoma Ungando. Huko kulikuwa na duka jingine la ngoma, na mwenye duka hilo asingekosa cha kusema mwaka mzima. Akajibu kabla hajafikiri, “Ninayo. Njooni kesho asubuhi.”

Usiku huo hakulala vizuri. Alijipa moyo kwamba masika yalikuwa bado, na wachuuzi wa bara walitarajiwa baada ya siku ishirini. Wakifika, angepanda kilimani na ngozi mpya, aiwambe upya, asijue mtu. Kulipopambazuka aliwasha moto uani, akaigeuza ngoma juu ya makaa mpaka ngozi ikakaza ikawa kama ubao.

Jumbe alikuja na wazee wawili na Mzee Ngwele, mpigaji. Ngwele akapiga mara tatu. Sauti ikatoka pana na nzito, hata wanawake waliokuwa kisimani wakanyanyua vichwa. Jumbe akacheka kwa furaha.

“Hii ndiyo ngoma! Ungando, mkono wako una baraka.”

Lakini Ngwele hakucheka. Alikuwa ameuweka mkono wake juu ya ngozi na hakuuondoa.

“Ina joto,” alisema.

“Jua la mlangoni hilo, kaka,” Ungando akajibu.

“Jua la saa hii?”

“Duka langu linatazama mashariki. Hujui?”

“Basi tuilaze kivulini mpaka adhuhuri, halafu niipige tena. Si ndiyo desturi?”

 Ungando angesema ndiyo, yote yangekwisha hapo: aibu kidogo, na watu wanaenda Mohoro. Lakini Jumbe alikuwa na haraka, naye alimgeukia Ngwele kwa hasira.

“Ngwele, una nini wewe? Binti yake mwenyewe yuko bondeni, na mjukuu wake. Mtu atamuuzia mwanawe kifo? Hebu ibebeni twende.”

Ngwele akaondoa mkono. “Wewe ndiye Jumbe,” akasema, na wakaibeba.

Ungando alibaki mlangoni akiwatazama. Najua mngependa niwaambie kwamba aliwakimbilia. Hakuwakimbilia.

Siku ya kumi na moja mvua ilinyesha. Masika yalikuwa hayajafika Kipanda, lakini huko juu mto unakotoka kulikwisha nyesha siku nyingi bila watu kujua. Baada ya adhuhuri Ngwele aliuona mto umepanda na kubadilika rangi, unasukuma magogo. Akashika magongo akapiga.

Ungando alikuwa dukani akiwaonyesha vijana wa beni tarumbeta. Alisikia kutoka kilimani, pu, pu, pu, kama mtu anayekung'uta godoro. Vijana hawakugeuka hata kidogo. Yeye peke yake alijua ile ilikuwa sauti gani. Kule juu Ngwele alikuwa akihangaika kuwasha moto aikaushe, na kuni zimelowa zote.

Ungando alinyakua tarumbeta iliyokuwa mkononi mwa kijana, akatoka mbio katika mvua. Ngoma zake zote zingelegea kwenye maji yale, lakini shaba haijali mvua. Hakuwa amewahi kujifunza kuipuliza. Aliipuliza hivyo hivyo, akikimbia katika njia ya bondeni, mpaka midomo ikapasuka na damu ikamtiririka kidevuni. Watu wa madungu ya karibu walimwona anavyopunga mkono, wakaelewa, wakashika mitumbwi. Familia kumi na tisa zilipona kwa sababu yake. Akaendelea mbele. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha yakamwangusha, na watu wakamvuta kwa nguvu akiwa bado ameng'ang'ania ile shaba.

Dungu la mwisho halikuonekana tena. Mwajabu alipatikana siku ya pili, kamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili.

Matangani watu walijaa. Walikuja wale wa familia kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, wakamshika Ungando mikono na kulia. Mkwewe, ambaye siku ya maji alikuwa amekwenda kununua chumvi, ndiye aliyemsifu kuliko wote. “Mkwe,” alisema, “nimepoteza mke na mtoto, lakini mbele ya watu hawa nasema, baba kama wewe hayupo Rufiji nzima.” Watu wakaitikia. Jumbe akasema jina la Ungando litatajwa na wajukuu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Siyawezi, aliyepona kwa kupanda mti. Shamba lake lilipakana na la Mwajabu. Naye, kwa kutaka kumfariji mfiwa, akasema:

“Tuliisikia hiyo tarumbeta yako, mzee. Hata kule mbali ilifika. Mwajabu alikuwa akitwanga, akacheka, akaniambia, ‘Vijana wa beni hao, hata mvua haiwazuii.’ Akaendelea kutwanga. Sote tulikuwa tukingoja ngoma.”

Ungando akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Watu wakadhani ni kilio, wakazidi kumsifu ili wamnyanyue. Ndipo aliposema, kwa midomo yake yenye vidonda:

“Msinisifu. Nawaomba, msinisifu. Ngoma iliyoota moto haisifiwi.”

Hawakumwelewa. Ngwele pekee alielewa, akautazama mkono wake mwenyewe.

“Niliiotesha,” Ungando akasema. “Ile ngozi ilikuwa ya mzoga. Niliiotesha moto asubuhi ile ili mwende nayo. Mlichosikia dukani hakikuwa ngoma, kilikuwa moto. Na huku kukimbia kwangu mnakonisifia ni moto vilevile. Laiti mngenijua nilipokuwa baridi, pale mlangoni, nilipokaa kimya.”

 Mkwewe aliuachia mkono aliokuwa ameushika, polepole, kama mtu anayeweka chini kitu asichokijua. Akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa ua, na watu wakahama mmoja mmoja wakamfuata, mpaka Ungando akabaki peke yake juu ya mkeka wa msiba wa mwanawe.

Hapo sasa mmejua. Mtu akikuvutia siku ambayo kila kitu kimempasha joto, mwache alale kivulini kwanza, kisha umsikilize. Ngoma iliyoota moto haisifiwi.