Sahihi Mbili kwenye Hundi Moja

Mtu mmoja wa Rungwe, mkulima wa chai, alikuwa na akaunti benki. Fedha zake zilizaa faida kila mwezi, na alikuwa na kitabu cha hundi, akitaka kulipa analipa. Alipoona nguvu zinamwishia aliwaandikisha wanawe, Ambakisye na Lusajo, kwenye akaunti hiyo, akaweka sharti moja: hundi isilipwe bila sahihi za wote wawili. Kisha akafa.

Msiba haujaisha, wanawe wakagombana, eti nani akalie kiti cha baba. Kiti cha mbao, ndugu zangu. Ambakisye, mkubwa, akaondoka na kitabu cha hundi. Lusajo akaapa kwamba jina lake halitakaa karatasi moja na la kaka yake. Miaka ikapita. Fedha ziliendelea kuzaa, maana benki haikujua kwamba wamenuniana, na hakuna aliyeweza kutoa hata ya chumvi.

Mama yao akaanza kupoteza macho. Daktari akasema akipasuliwa ataona, ila asicheleweshwe. Kila mwana akangoja mwenzake aje kwanza. Mama akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, na wao bado wanangojana. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja Ambakisye alimkuta mama yake anamimina uji nje ya kikombe. Akarudi kwake, akachomoa hundi moja kitabuni, akaitia sahihi, asiandike jina wala kiasi. Akaipeleka mwenyewe kwa Lusajo, akamwekea mkononi.

"Mdogo wangu, yangu nimeshaweka. Kilichobaki andika wewe."

Lusajo aliitazama ile karatasi. Angeweza kuandika jina lake na kukomba akaunti yote, na kaka yake alilijua hilo alipoileta. Akaketi, akaandika jina la hospitali na gharama ya upasuaji, akatia sahihi yake chini ya ile ya kaka. Benki ikalipa. Faida ya miaka yote ya kununiana ilitosha. Akiba ya baba haikuguswa.

Bandeji zilipofunguliwa, mama aliwaona wanawe wote wawili wamesimama pamoja miguuni pa kitanda. Akapiga vigelegele, na wodi nzima ikaitikia, hata wagonjwa wasiojua kisa.

Basi wewe uliyenuna, huku utajiri aliokuachia Baba ukiongezeka kila siku, unamngoja ndugu yako atangulie mpaka nani apofuke?