Jogoo Aliyetaga Yai

Nina neno, nilitoe?

— Litoe, tulipokee!

Likiuma je?

— Tutalitafuna hivyo hivyo!

Haya. Hapo zamani, uani kwa Bi Sikudhani, waliishi kuku wa kila umri. Palikuwa na vikongwe wasiotaga tena, palikuwa na mitetea, palikuwa na vifaranga. Na palikuwa na jogoo mmoja, Kuchi, mrefu kama mchi, kifua mbele, kucha nje.

Kila asubuhi Bi Sikudhani alileta karai moja. Ndani yake pumba, dagaa, na makombe ya pwani yaliyotwangwa ili mayai yawe na ganda gumu. Akalitua chini, puu! Akasema, "Kuleni, mtage!" Akarudi jikoni.

Kuchi akaja, tipwa tipwa. Akapanda juu ya karai. Akadona, do! do! do! Mtetea akisogea, akapigwa pa! Kikongwe akisogea, akapigwa pa! Kifaranga akisogea, pa! akaviringika hadi ukutani.

Kishingo, kuku mdogo asiye na manyoya shingoni, alikuwa na vifaranga saba. Njaa ikachukua mmoja. Kesho yake ikachukua mwingine. Kishingo akamwendea Kuchi.

"Bwana Kuchi, watoto wanakufa."

"Angua wengine."

"Tuachie japo chakula cha chini karaini."

"Cha chini ndicho kitamu," akasema Kuchi. Akadona, do! do! do!

Walipobaki watatu, Kishingo hakulia tena. Alikwenda kwa bintiye mkubwa, Madoa, mtetea aliyekuwa ametoka kutaga yai lake la kwanza. Bado alikuwa amelilalia, analitazama kila mara.

"Mwanangu, nipe hilo yai."

"Mama! Hili ndilo la kwanza."

"Najua. Nipe, wadogo zako wapate kula."

Madoa akaligusa kwa mdomo. Kisha akainuka.

Mchana, Kuchi alikuwa amelala kivulini mwa kinu, tumbo limejaa, anakoroma, khoroo! khoroo! Kishingo akalisukuma yai kwa kifua, bingiri, bingiri, bingiri, mpaka likaingia chini ya bawa la Kuchi. Halafu akapaza sauti:

"Ko-ko-ko-koteee! Njooni! Bwana Kuchi amejifungua!"

Kuku wote wakaja mbio. Kuchi akashtuka.

"Nani amejifungua?"

"Wewe, bwana. Hongera. Inuka utazame."

Kuchi akainuka. Yai hilo, lina joto.

"Si langu! Mimi jogoo!"

"Asubuhi ulikuwa jogoo," akasema Kishingo. "Lakini Bi Sikudhani kila siku anasemaje? 'Kuleni, mtage.' Sisi hatujala, hatujataga. Wewe umekula karai zima tangu masika. Sasa ulitaka nini kitoke?"

Upanga wa Kuchi ukalegea kichwani. Akatazama huku, akatazama huku.

"Bi akiona?"

"Atafurahi! Atakutengenezea kiota karibu na mlango. Majogoo wa jirani watapita kukuuliza hali ya uzazi."

Kuchi akalikanyaga yai, pwachu! Akalikanyaga tena, mpaka likawa tope. Madoa akageuza uso.

"Hamkuona kitu!" akafoka Kuchi. "Na chakula kile sikigusi tena. Sikigusi!"

Kesho yake Bi Sikudhani akalitua karai, puu! Kuchi akajitenga nyuma ya choo, anaparura majani na kutafuta mchwa. Vikongwe wakala. Mitetea wakala. Kishingo akaita wanawe, kru, kru, kru.

Wawili wakaja mbio, wakatumbukia katikati ya pumba. Wa tatu alikuja polepole. Alifika ukingoni, akafungua mdomo, akachukua punje moja. Punje ikaanguka. Akachukua tena. Ikaanguka. Miguu ikakunjika, akalala palepale, asiinuke tena.

Kishingo akamfunika kwa bawa. Hakula. Jua likapanda, karai likaanza kuonyesha chini yake, naye bado amemfunika vilevile.

Kuchi akapita mbali, akachungulia.

"Mbona huyo wa chini ya bawa hali?"

"Ameshiba," akasema Kishingo.

Neno langu limekomea hapo. Nilichobeba nimekitua, mikono yangu mitupu.

Na funzo lake, wanangu? Wakubwa wakila, kaeni kando na adabu zenu, nyamazeni, mngoje. Mkubwa ana huruma, akishiba humkumbuka mdogo. Kama hamniamini, muulizeni Kuchi mwenyewe. Mpaka leo anasimama juu ya ua na kuwatangazia majirani kwamba yeye, kwa moyo wake mwema, aliwaachia watoto chakula.