Mgeni Ndani ya Tangi la Bi Mkunde

Hapo zamani, si zamani ya masultani bali zamani ya juzijuzi tu, katika mji mmoja wa pwani palikuwa na mtoto wa kike aliyeitwa Zena, naye hakuwa akisema. Ulimi alikuwa nao, na maneno alikuwa nayo. Lakini tangu baba na mama yake wafariki katika ajali, alifunga kinywa, na hakuna aliyeweza kukifungua.

Alikaa kwa Bi Mkunde, bibi yake mzaa baba. Kutwa alikuwa mbele ya tangi la kioo la marehemu baba yake, lenye maji ya bahari na mawe aliyoyapanga kwa mkono wake mwenyewe. Ndani mliishi samaki wa rangi, wadogo kama kidole gumba, wakali kama jogoo. Kila mmoja na jiwe lake, na ole wake atakayelisogelea.

Bi Mkunde alikuwa mgonjwa, na macho yalikuwa yakimwacha. Ilibidi mtoto apate mlezi. Waliomtaka walikuwa watatu. Shangazi yake Mwanasiti, binti wa Bi Mkunde, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Mjomba wake Hamadi, aliyekuwa akizamia samaki pamoja na marehemu baba yake Zena. Na jirani yao Salima, aliyemnyonyesha Zena alipokuwa mchanga na mama yake yu mgonjwa. Mama wa ziwa naye si mtu wa kando, mnajua wenyewe.

Sasa huyu Mwanasiti ndiye aliyeanza balaa. Alimwona yule samaki wa buluu, mbabe wa tangi, akizunguka peke yake, akamhurumia kama mfiwa, maana mwenye tangi amekufa. Kwao mfiwa haachwi kulala chumba peke yake, hutafutiwa mwenzake. Basi Mwanasiti akaenda kwa wazamiaji, akatafuta wa buluu mwingine, pacha mtupu, akamtia ndani. Masikini, hakujua kwamba samaki wale humchukia zaidi yule anayefanana nao.

Zena akainuka. Akaweka kidole kwenye kioo. Akasema, "Huyu mgeni ni mimi."

Mwanasiti alitaka kupiga kigelegele. Kabla hajafungua mdomo, mbabe alichomoka jiweni akamng'ata mgeni mkia. Wengine nao wakamvamia. Mgeni akajibana pembeni, mapezi yamechanika.

Bibi akasikiliza maji. Mtoto akamtazama samaki. Mwanasiti akamtazama mtoto, roho juu. Akifa huyu, alijiambia, mtoto atanyamaza tena, na muuaji nitakuwa mimi.

Kelele zikawaleta Salima na Hamadi. Bi Mkunde akasema, "Nikimpa binti yangu huyu mtoto, mtasema nimependelea. Basi sikilizeni. Atakayemwokoa samaki huyu ndiye atakayemlea Zena."

Salima hakungoja. Alikimbia kwake akarudi na kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, chenye matundu. Akamkinga mgeni humo, akakifunika, akakining'iniza ndani ya tangi. "Waonane, wasing'atane," akasema. Mbabe akagonga kikapu, akagonga, asiweze kuingia. Salima akahamia pale na mkeka wake, akalinda siku baada ya siku.

Lakini mgeni hakula. Alififia rangi, akalala chini ya kikapu, na Zena naye akasukuma sahani yake ya wali.

Bibi akasikiliza maji. Mtoto akamtazama samaki. Mwanasiti akamtazama mtoto, roho juu.

Hamadi akakunja mikono ya shati. "Kila mmoja ana jiwe lake, ndiyo maana wanajiona wenye mji," akasema. "Nauvunja mji. Wote wawe wageni." Akayatoa mawe yote, akayapanga upya, akafungua kikapu. Samaki wakatangatanga, hakuna aliyejua kwake ni wapi. Mgeni akapata upenyo akaingia, na alipotupiwa chakula, akala.

Zena akalia. Yale mawe yalipangwa na baba yake.

Haikupita muda, mbabe akajichagulia jiwe jipya, hasira zikamrudia. Akamtoa mgeni mafichoni, akamkimbiza huku na huku. Ndipo Mwanasiti akachukua kioo chake cha harusi, akakisimamisha ubavuni mwa tangi. Mbabe akajiona. Akamwacha mgeni, akamrukia yule wa kiooni, akapigana naye hadi akachoka hoi. Kila hasira zikimpanda, Mwanasiti anarudisha kioo. Mwisho mbabe akazoea kumwona wa sura yake. Mgeni akapata jiwe lake, mapezi yakaota.

Wakakusanyika mbele ya Bi Mkunde.

Salima akasema, "Mama, kama si kikapu changu angekufa siku ileile. Hao wengine wangemwokoa maiti? Na Zena nilimpa ziwa langu."

Hamadi akasema, "Kikapuni alikuwa anakufa kwa njaa. Aliyempa mahali pa kuishi ni mimi."

"Kwa kuvunja kazi ya baba yake!" akasema Salima. "Mtoto amelia mpaka amekauka sauti."

Mwanasiti akasema, "Jiwe ulimpa, shemeji, na jiwe alinyang'anywa. Aliyemaliza ugomvi ni mimi. Na kama nisingemleta samaki, nani kati yenu angemsikia Zena akisema?"

"Aliyeleta ugomvi ndiye wewe!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Wakapaza sauti, huyu kamkatiza yule. Mwanasiti akageuka, akamwona Zena amejibana pembeni, kati ya kabati na ukuta, kinywa kimefungwa. Akiendelea kusema, anamtisha mtoto. Akinyamaza, anamkosa. Akabaki mdomo wazi.

Bi Mkunde akainua mkono, wote wakatulia. Na mpaka ninapowasimulia, mkono huo haujashuka.

Basi nanyi mliokaa hapa, mwamulieni bikizee wa watu. Aliyemkinga, aliyempa mahali, au aliyemleta na kumpatanisha? Je, nani alistahili kumlea Zena? Jibuni, lakini kwa sauti ya chini, maana mtoto yupo palepale pembeni, anawasikia.