Bahari Saba za Fumbwe

Jina jipya haliongezi maji. Jana mlimsikia muuza vitumbua akimwambia hivyo mwanawe, aliyebandika kibao kipya kwenye duka lisilo na bidhaa, nanyi mkacheka. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye njaa. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, watu wa kijiji cha Fumbwe walitafuta pweza kwa miguu. Wakati wa bamvua, kila nusu mwezi, maji hutoka mbali, mwamba ukabaki wazi, na mtu hutembea juu yake na mchokoo, kijiti cha kumchokolea pweza pangoni. Pweza waliokaushwa ndio waliokuwa chakula cha miezi ya upepo mkali wa kusi, wakati vyombo vya baharini haviwezi kutoka. Lakini watu walichokoa bila kupumzisha mwamba, mpaka wakabaki pweza wa ukubwa wa kiganja. Ikaja kusi moja, makapu ya akiba ni matupu. Watu walikula mizizi ya porini. Baadhi ya wazee hawakuiona kaskazi, msimu wa bahari tulivu, na mmoja wao alikuwa mama wa mwanamke aitwaye Bi Mize.

Baada ya matanga, Bi Mize alisimama mbele ya kijiji. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Tuifunge bahari," alisema. "Tumwache pweza akue. Tuifungue mwezi wa Mfungo Tano, kabla kusi haijakaza. Tusipofanya hivyo, mwakani tutazika tena, na safari hii hatutazika wazee peke yao."

Watu wakakubali. Wakachomeka vijiti vyenye makuti ufukweni, ikawa Bahari ya Fumbwe imefungwa.

Hazikupita bamvua nyingi, Bi Mize akamwona Vuai, mume wa mdogo wake aitwaye Kazija, akipanda kutoka pwani na mtungo wa pweza begani.

"Shemeji, hao umewatoa wapi?"

"Bahari ya Kibuyu."

"Hiyo iko wapi?"

"Ng'ambo ya fungu la mchanga."

"Hapo ni Fumbwe."

"Ni Fumbwe kwako. Babu yangu alipaita Kibuyu. Sikiliza, shemeji. Kuna Bahari ya Shamu na kuna Bahari ya Hindi, sivyo? Zimeshikana. Maji ya hii yanaingia ile, hakuna mlango wala komeo. Nani alizitenga? Watu walitaja majina, zikawa mbili. Na mimi nimetaja."

Na kusema kweli, hoja ya Vuai haikuwa ya kijinga. Ubaya wake ni kwamba watu waliisikia wakaipenda. Bamvua iliyofuata, Siwema, mwanamke mwenye sauti kubwa, akatangaza Bahari ya Siwema. Lilikuwa dimbwi ambalo mbuzi angelivuka bila kulowa tumbo. Mwingine akaita yake Bahari ya Ndani, mwingine akamjibu kwa Bahari ya Nje. Mwisho zikafika saba, na kijana mmoja akajisifu, "Sasa tumekamilika! Dunia ina bahari saba, na Fumbwe nayo saba!" Kilichobaki kimefungwa ni mwamba wa kati tu, na ilionekana wazi kwamba nao ulikuwa unatafutiwa jina.

Watu waliosubiri wakamwendea Bi Mize. "Dada, tumekuwa wajinga sisi? Tunafunga, wenzetu wanakula. Na sisi tutaje zetu."

"Nipeni bamvua hii," aliwajibu. "Nikishindwa, tajeni mpaka mbinguni."

Akaita kijiji kizima pwani. Wenye bahari zao walikuja wamejiandaa kwa ugomvi, wengine wameshika michokoo.

"Nimekubali," Bi Mize alisema. "Bahari ni saba. Ila aliyetaja bahari yake akae humo. Asivuke kwenda ya mwenzake, wala asikanyage Fumbwe. Si leo, wala si siku tutakayoifungua. Mwenye chake hahitaji cha watu. Au nakosea, shemeji?"

Vuai akacheka. "Hukosei. Hata milele!"

"Watu wote wamesikia."

Kuanzia hapo, kila maji yalipotoka, Bi Mize na wenzake walisimama kuuzunguka mwamba wa kati. Jua liliwachoma, tumbawe liliwakata nyayo, hawakuondoka. Siku moja Vuai alikuja mbio, mchokoo juu.

"Pweza wangu! Nimemchokoa kwangu, kakimbilia kwenu!"

"Kaingia Fumbwe," alisema Bi Mize. "Fumbwe imefungwa."

"Pweza anajua mpaka?"

"Hajui. Mpaka umeuweka wewe. Rudi kwako."

Vuai akabaki amesimama, mguu mmoja Kibuyu, mwingine hewani, na watu wakaangua kicheko. Hakucheka yeye.

Siwema ndiye wa kwanza kushindwa. Dimbwi lake lilikwisha kwa siku mbili. Alichokoa kila tundu, akatoa kaa wadogo, kisha hakutoa kitu. Akaja bila ile sauti yake. "Mwenzangu, sina bahari tena. Niweke na mimi kwenye ulinzi." Wakampangia pa kusimama. Mmoja mmoja, wengine nao wakarudi. Vuai peke yake akakaza shingo. Alisema Kibuyu ni bahari kamili, akashinda huko akichokoa mashimo aliyokwisha kuyachokoa.

Asubuhi moja Kazija aliteremka pwani, amekumbatia chungu. Akamkabili mumewe mbele za watu wote.

"Baba watoto, moto uko tayari na maji yamechemka. Nitie nini?"

"Ngoja, nitapata."

"Tangu juzi nangoja. Au nitie jina? Wanao wale Kibuyu?"

"Kazija, usinitie aibu."

"Aibu umejitia. Ulikata bahari vipande, ukadhani zimekuwa nyingi. Maji ni yaleyale, pweza ni walewale, tena sasa huna ruhusa ya kuwafuata. Jina jipya haliongezi maji, Vuai!"

Vuai akatoka Kibuyu na mchokoo wake, akaja mpaka mpakani, akauweka miguuni pa Bi Mize.

"Shemeji, niliisema milele mwenyewe. Ukinishika nayo, sina la kusema."

"Simama pale upande wa mkondo," alisema Bi Mize. "Hapana mtu."

Bahari yote ikafungwa tena, ikiwa moja. Kwa sababu ya muda uliopotea, hawakuifungua Mfungo Tano. Walivumilia mwezi mwingine, matumbo yakiunguruma, na hakuna aliyetaja jina. Siku ilipofunguliwa walitoa pweza wakubwa, hata kumbeba mmoja ilikuwa shida. Kusi ikavuma, makapu yamejaa, na mwaka ule Fumbwe haikuzika mtu kwa njaa.

Vuai alizeeka. Wajukuu zake walipoanza shule walirudi nyumbani wakibishana, huyu akisema bahari kuu za dunia ni nne, huyu ni tano, mwingine akishikilia saba. Wakamwendea awaamue.

"Zihesabuni mnavyotaka," aliwaambia. "Jina jipya haliongezi maji."